Nakala ya Pili

Kaunta yangu iko chini ya ngazi, mjini Sligo,
kati ya boila na choo cha wanaume.
Mlangoni wameandika UFIKIAJI WA KUMBUKUMBU,
kwa hiyo kazi yangu, ukiuliza, ni kufungua.
Mshahara naupata kwa kufunika.

Neno hilo lina wenyewe wengi.
Fiachra, fundi wa ghorofa ya tatu,
akilitamka anamaanisha nywila:
herufi kumi na mbili, mojawapo iwe alama,
ukikosea mara tatu umekuwa mgeni kwako mwenyewe.
Mhandisi wa baraza la mji akilitamka
anapima mteremko wa saruji pale mlangoni,
kiti cha magurudumu kipande bila kusukumwa.
Wakili: tarehe, muhuri, siku thelathini.
Daktari yeye ana kisanduku kwenye fomu:
Je, kwenu kuna ugonjwa wa moyo?

Kwenu.

Attracta Mulvihill amekiacha kitupu kisanduku hicho
tangu ana miaka kumi na tisa.
Sasa ana sitini na minane, na vyuma viwili kifuani
vinavyoshikilia mishipa isizibe.
Jumanne ile aliingia koti likichuruzika,
wala hakuomba mama. Aliomba jibu la kisanduku.
"Ndiyo au hapana," alisema. "Sitaki kingine."
Watu huomba kidogo ili wasinyimwe chote.

Faili lake: kurasa tisa, pini imeota kutu.
Masista waliandika kwa mwandiko wa shule,
herufi zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua.
Ratili sita na wakia mbili. Amebatizwa.
Mama: msaidizi wa jikoni, meno mabovu, mtiifu.
Kofia ya sufi, moja, imerudishwa stoo.
Kofia waliikumbuka.

Ukurasa wa saba, mkono mwingine, miaka mingi baadaye:
mama amefariki, moyo, kama dada yake.
Hapo sheria iko wazi kabisa.
Iliniruhusu kumpa ugonjwa wa mama yake.
Haikuniruhusu kumpa mama.

Utaratibu ni huu. Unatoa nakala.
Jina unalipaka kalamu nyeusi, nene, mara mbili.
Lakini wino peke yake ni pazia tu;
ukiinua karatasi kwenye taa, herufi zinarudi
kama mifupa kwenye picha ya eksirei.
Kwa hiyo nakala hiyo unainakili tena.
Nakala ya pili ni ukuta,
nayo ndiyo inayotoka nje.

Miaka kumi na mmoja nimejenga kuta hizo.
Kwenye foleni ya mkate nasimama nyuma ya watu
ninaowajua mama zao kwa majina,
wao hawawajui,
nasema jamani baridi ya leo,
wanasema baridi kweli.

Jumanne ile mashine ilikuwa nzima.
Naomba hilo liandikwe.
Karatasi zilikuwamo, taa ya kijani inawaka.
Nilipaka, nikapuliza wino ukauke,
nikakunja, nikatia kwenye bahasha, nikamwita.
Alitia sahihi kwa jina alilopewa.

Dirisha langu liko usawa wa barabara;
watu wote nawajua kwa viatu.
Vyake vilikuwa vya kahawia, kimoja kimeshonwa upya.
Vilivuka, vikasimama chini ya taa ya duka la dawa,
vikakaa hapo, mvua inavipiga.
Vikageuka, vikaelekea kwenye mwanga.
Halafu visigino vikanyanyuka, kidogo tu,
kama mtu anayeinua kitu juu
kuliko mikono yake inavyofika.

Alasiri bosi alishuka, akauliza
kama ile mashine ina tatizo lolote.
Nikamwambia sijui. Ijaribu.